Mkwe Ambaye Hakurushwa

Amasawa, 17 Januari 1999

Dada yangu mpenzi Tomie,

Nakuinamia kutoka huku mbali, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limetulia na kile kikohozi cha mwaka mpya kimekwenda zake. Wajukuu hawajambo? Na yule paka mwizi bado anaingia kwa dirisha la jikoni? Mimi sijambo. Mgongo unauma kidogo, lakini nitakueleza sababu yake, na ukishaijua utasema nimestahili. Chakula nakula, usingizi napata, na wakati huu miguu yangu iko chini ya blanketi la meza ya moto, ile yenye joto chini yake, kwa hiyo usinihurumie.

Najua ulinitarajia jana. Najua pia utakuwa umewapigia simu watu wa safari, nao watakuwa wamekwambia kwamba abiria wote wamerudi Osaka isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ni mimi. Sijapotea wala sijarukwa na akili. Niko nyumbani kwa kina marehemu mke wangu Mineko, kwa kaka yake Yosaku, na naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa husema uongo. Unanijua tangu nikiwa mtoto.

Safari hii, kama unavyokumbuka, aliichagua marehemu mwenyewe. Mwezi wa kumi alikata tangazo gazetini, siku nne za kutalii nchi ya theluji, akaliweka chini ya kikombe changu cha chai nilione nikimaliza kunywa. Basi lilikuwa lipite Amasawa, kijiji alichozaliwa. Aliniambia tutakwenda kama watalii, tutavaa makofia makubwa, tutapiga picha na kupanda basi tena, wala hakuna atakayetujua. Nilicheka nikakubali, tukaandikisha majina mawili. Tarehe tisa ya mwezi wa kumi na mbili akafariki.

Kule hospitali alituomba, mimi nawe, kwamba kipande kidogo cha mifupa yake itakayobaki baada ya kuchomwa kirudi kikalale na wazazi wake, chini ya theluji. Wewe ulisema mke hulala katika kaburi la mumewe, na kwamba anayegawa mifupa ya maiti anaigawa roho yake, basi siku ya arobaini na tisa tangu afariki tutamzika na wazee wetu na maneno yataisha. Nilitikisa kichwa kukubali. Nilipokwambia nakwenda safari kupumzisha moyo, ulikipokea chungu cha mifupa ukakiweka kwenye madhabahu ya nyumbani kwako ili asibaki peke yake. Nakushukuru kwa hilo, Dada, na ni hilo hasa linaloifanya kalamu iwe nzito.

Basi letu lilikuwa na wazee ishirini na sita na binti mmoja mwenye bendera ya manjano, jina lake Onuki, aliyekuwa akituhesabu kama kuku. Kwenye karatasi yake mimi nilikuwa watu wawili. Sikumsahihisha. Kila mlo alinipa masanduku mawili ya chakula, na kiti cha dirishani kando yangu kikabaki kitupu. Kiti cha mbele yetu alikaa mzee mmoja muuza miavuli, Bwana Kubota, ambaye mdomo wake haukuwa na likizo. Aligeuka akaniuliza mama yuko wapi. Nikamwambia amelala. Akasema wanawake wote wakipanda basi hulala, wa kwake alilala tangu mwaka wa harusi. Nikacheka, maana nilihisi na Mineko anacheka.

Dada, sijui nikueleze vipi theluji ya huku. Njia imechongwa katikati yake, na pande zote mbili kuta zimesimama ndefu kuliko nyumba yako, nyeupe hadi zinaingia kwenye ubuluu. Basi lilikwenda polepole, na sauti zote zilimezwa, hata ya Bwana Kubota. Nilitazama nje nikaona mti wa matufaha umebaki na matunda matatu mekundu juu kabisa, kisha nikasinzia, na nilipofumbua macho sikujua kama ule mti niliuona au niliuota. Siku zote mbili za kwanza zilikuwa hivyo. Nilikuwa nikitembea ndani ya kitu ambacho mke wangu alikuwa akikiota kwa miaka thelathini na minane mbele ya macho yangu, akikatakata vitunguu.

Kwenye hoteli ya maji moto walinitandikia magodoro mawili. Nilioga nje, kwenye bwawa la mawe, mvuke unapanda na theluji inashuka, vinakutana usawa wa uso. Wazee sita tulikaa mle ndani na chembe nyeupe vichwani, kimya, kila mtu na yake. Kesho yake walitupeleka sokoni, bibi mmoja akafukua kabichi kutoka chini ya theluji kwa beleshi, akatukatia vipande tule vibichi. Vilikuwa vitamu kama tunda. Mineko alizoea kusema kabichi za Osaka hazina akili, nami nilidhani ni maneno ya mtu anayetamani kwao. Nilikula vipande vyangu, nikala na vyake.

Alasiri ya tarehe kumi na nne tukaingia Amasawa. Binti Onuki alishika kipaza sauti akatueleza kwamba kesho tutaona mila ya hapa: kila mwanaume aliyeoa binti wa kijiji mwaka uliopita hubebwa na vijana hadi ukingo wa juu karibu na hekalu, akarushwa chini kwenye theluji laini, mita tano hivi. Vijana wanapoza uchungu wa kuchukuliwa binti yao, na mkwe anapata baraka, anakuwa mwana wa kijiji. Watu wote basini walicheka. Bwana Kubota aliniuliza kama mimi na mama tulirushwa enzi zetu. Hapo sikucheka.

Wewe unajua, Dada, kwa sababu ndiwe pekee niliyekwambia. Januari ile ya mwaka sitini na moja nilikuja hapa bwana harusi mpya, fundi cherehani niliyekuwa naogopa hata ngazi ya kushushia vitambaa dukani. Walinionyesha ukingo siku moja kabla. Yosaku, ndiye aliyekuwa kiongozi wa warushaji, alinipiga bega akasema, “Usijali, Bwana Osaka, hajafa mtu bado, labda wewe.” Walicheka kwa upendo. Nilikwenda posta kwa siri nikakuletea telegramu, nawe ukanijibu kama nilivyokuomba: MAMA MGONJWA SANA RUDI. Alfajiri ya tarehe kumi na tano nikaingia mitini na mke wangu, tukatembea hadi stesheni.

Tulipofika Osaka, Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage, mzima kama kengele ya hekalu. Mineko alimtazama Mama, akanitazama mimi, akavua viatu, akaketi kumsaidia kuchambua. Hakusema neno siku hiyo wala siku nyingine. Baada ya mwezi ilikuja barua ya baba yake, akaisoma amesimama, akaitia kwenye jiko. Nilijua wamekasirika. Nilidhani ni mimi waliyenikasirikia. Tangu hapo hakurudi kwao hata mara moja, na baba yake alipokufa alisema njia zimefungwa na theluji, akakaa muda mrefu kwenye kamba ya nguo ameshika shati langu lililokwisha kukauka. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka thelathini na minane.

Sasa wenzangu walipokwenda kupumzika hotelini, mimi nilipanda kilima hadi nyumba hii. Yosaku ana miaka sabini na moja, lakini nilimkuta juu ya paa anasukuma theluji kwa beleshi. Hakunitambua. Nilipomtajia jina langu aliendelea kusukuma, na bonge moja likaanguka karibu na miguu yangu, sijui kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Mkewe, Hatsue, ndiye aliyenivuta ndani, akanikalisha kwenye meza ya moto na kunimiminia chai. Yosaku aliposhuka niliwapa habari ya msiba. Hakuna aliyekuwa amewaandikia. Hatsue alilia. Yosaku alivua glavu, moja kisha nyingine, akazipanga kando ya jiko kana kwamba ndiyo kazi ngumu kuliko zote duniani.

Nikawaeleza ombi la marehemu. Hapo ndipo Yosaku alipoongea. Aliniuliza kama ninajua mdogo wake aliwaandikia nini ule mwaka. Nikasema sijui. Akasema aliwaandikia kwamba ile telegramu aliitunga yeye, Mineko, kwa mkono wake na akili yake. Kwamba hakutaka mume wake msomi wa mjini atupwe kama gunia la mchele mbele ya watu wanaonuka moshi. Kwamba mila hiyo ni ya washamba, naye ameshatoka ushambani. Baba yao aliisoma mara tatu. Ndiye aliyekuwa mlinzi wa mila, na baba yake kabla yake. Alimjibu kwamba asirudi hadi aje kuomba radhi, akamngoja, akafa akingoja.

Hatsue akanigusa mkono akasema, “Wewe maskini ulikuwa na kosa gani? Ulifuata mke tu. Kunywa chai, shemeji.” Na Yosaku, ingawa sura yake ilikuwa ngumu, akasema ni kweli, Bwana Osaka hana deni na mtu hapa. Kuhusu mifupa alisema hawezi kumlaza mtu kando ya baba aliyemtukana. “Na hata ningekubali, ungemweka wapi?” akauliza. Akanifungulia mlango wa nyuma akanionyesha mteremko mweupe, laini, usio na hata alama. Makaburi yalikuwa mle, mita tatu chini, hadi mwezi wa tano. Mtu wa Osaka tu ndiye anayeweza kuja kuzika mwezi wa kwanza.

Dada, niliinywa ile chai. Naona aibu kukuandikia hivyo, lakini niliinywa yote. Nilikuwa nimeingia mle ndani nikiwa na hatia, na watu wawili wema wakanivisha usafi ambao mke wangu alinishonea bila mimi kujua. Mimi fundi cherehani, nikiwa nimevaa kwa miaka yote hiyo vazi nisilojua limeshonwa na nani. Kumbe hakuwa akinisitiri aibu kwa kutokwenda kwao. Alijifungia mlango mwenyewe, ufunguo akautupa, na kila mwaka theluji ikitajwa redioni alizima redio akaniuliza kama nataka chai zaidi. Angeweza kuomba radhi na kurudi siku yoyote. Lakini radhi ya kweli ingetaka aseme nani alikwenda posta.

Nilirudi hotelini nikakaa kati ya magodoro mawili.

Kesho yake kulipambazuka kweupe pasipo upepo. Kijiji kizima kilikuwa hekaluni, na watalii wa mabasi mawili na kamera zao. Walikuwepo maharusi watatu, vijana wembamba wamevalishwa majoho, mmoja ameshapewa sake, pombe ya mchele, hadi masikio yamekuwa mekundu. Watu wanawatania: “Huyu mzito, ongezeni mtu!” “Mrusheni taratibu, bado hatujamwona mtoto!” Yosaku alikuwa ukingoni, siku hizi harushi, anaamuru tu. Chini kwenye theluji walisimama maharusi wa kike, maana desturi ni kwamba mke ndiye humfukua mumewe na kumpangusa. Mkwe wa kwanza aliruka na kelele, akazama, akaibuka anacheka. Wa pili vilevile. Nilitazama uso wa yule binti akimpangusa mumewe theluji kwenye nyusi, nikaona siwezi tena.

Nilipenya watu nikafika mbele ya Yosaku, nikavua kofia, nikapiga magoti palepale. Nilisema kwa sauti, kwa kuwa ningesema polepole nisingemaliza. Nilisema telegramu ilikuwa yangu. Niliogopa. Mineko hakujua mpaka alipomwona mama yangu mzima, na yale maneno yote ya ushamba aliyaandika ili mimi nisichekwe, na mimi nimeyajua jana, na jana hiyohiyo nikanywa chai nikanyamaza. Nilisema baba yao hakutukanwa na binti yake hata siku moja. Bwana Kubota, ambaye hakuwahi kunyamaza, alishika mdomo.

Yosaku alinitazama. Theluji ilikuwa ikianza kudondoka kwenye mabega yake na hakuipangusa. Kisha akaniuliza nina miaka mingapi. Nikasema sitini na minne. Akaniuliza habari ya mgongo. Nikasema huuma siku za mvua. Akasema, “Huku hakuna mvua,” akageukia vijana. “Huyu ndiye wa nne. Alichelewa kidogo.”

Sasa Dada, nifike kwenye jambo ninalolizunguka tangu mwanzo wa barua. Keti kwanza. Vijana waliponiinua nilikumbuka mfuko wangu wa kifuani, nikapiga kelele wanishushe. Nilikuwa na kasha la miwani la Mineko, nimelibeba safari nzima. Hamkuwa na miwani ndani. Mlikuwa na ule mfupa mdogo wa koo, ule tulioutafuta mimi nawe kwenye majivu kwa vijiti vyetu na kuulaza juu kabisa ya mingine, ukasema umekaa vizuri kama mtu anayesali. Niliutoa usiku wa kuamkia siku niliyokuletea chungu. Asubuhi zote hizi ulizomwashia ubani na kumwambia habari za paka, yeye alikuwa nami kwenye kiti cha dirishani. Nilikudanganya, na nilijua nakudanganya. Naomba radhi, wala si kwa sababu ningefanya vingine.

Hatsue ndiye aliyeelewa. Alilipokea kasha kwa mikono miwili bila kuuliza, akashuka nalo kwa ngazi iliyochongwa kwenye theluji, taratibu kwa umri wake, akasimama chini pamoja na maharusi.

Walinishika, wawili mikononi na wawili miguuni. Waliponibembeza mara ya kwanza nilifumba macho, na mara ya pili nikayafumbua, maana nilitaka kuona. Kisha hapakuwa na mikono. Sijui ni muda gani mtu hukaa hewani kwa mita tano. Mimi nilikaa muda wa kutosha kuona mapaa yote ya Amasawa yamevikwa nyeupe, na moshi, na mteremko wanapolala wazazi wake, na Hatsue mdogo chini ameinua kasha hadi kifuani. Sikuogopa. Mtu anaweza kuogopa kitu miaka thelathini na minane kumbe ni laini hivyo.

Nilizama hadi utosini. Ndani ya theluji kulikuwa na mwanga wa buluu na ukimya ule wa ndani ya basi, na ningeweza kubaki mle. Hatsue alinifukua uso kwa mkono mmoja, wa pili ameshika kasha. Akanipangusa nyusi, ya kulia kisha ya kushoto, akasema, “Mkeo anasema umechelewa.” Hapo nililia, Dada, kwa sauti, kama ambavyo sikulia msibani. Wale maharusi wa kike walilia pia, na hawakunijua hata jina.

Baadaye walichoma moto wa majani ya mpunga, wakachanganya masizi na theluji, wakapakana usoni wakitakiana heri, kama ilivyo desturi. Yosaku alikuja na viganja vyeusi. Nilidhani atanipaka kidogo. Alinipaka uso wote, masikio na shingo, anapaka tu hasemi kitu, na mimi nilipomaliza kupakwa nikachota masizi nikampaka yeye, na machozi yalikuwa yamemchora mistari miwili. Bwana Kubota alipakwa na bibi asiyemjua, akasema sasa mkewe ataamka. Basi liliondoka siku iliyofuata. Binti Onuki alinihesabu mara ya mwisho, wawili, akainamisha bendera yake. Sijui alijua tangu lini.

Mineko sasa yuko kwenye madhabahu ya nyumba hii, kando ya picha ya baba yake, na Yosaku humsomea gazeti. Ardhi itafunguka mwezi wa tano. Mimi nitakuja huko kwa siku ya arobaini na tisa, tutaizika mifupa mingine pamoja na wazee wetu kama ulivyotaka, nami nitainama mbele yako unichape ukipenda. Kisha nitarudi hapa. Paa la Yosaku linahitaji mtu wa pili, na mkwe wa kijiji hawezi kukaa mjini huku shemeji yake mzee yuko juu na beleshi. Naogopa bado. Napanda hivyohivyo.

Theluji ikiyeyuka, nakuomba uje, Dada. Tumlaze pamoja, kwa sababu wewe uliandika telegramu na mimi niliiagiza, na yeye ndiye aliyeilipia. Yosaku anakusalimu sana. Amesema masizi yako ameyaweka kwenye kopo, hayaozi.

Wasalimie wajukuu, umfukuze paka kwa niaba yangu, na goti ulifunge flana. Nimeoga mara mbili tangu juzi, lakini Hatsue anasema nyuma ya sikio bado nina weusi. Nimemwambia auache.

Ni mimi mdogo wako,

Teiji,
mkwe wa Amasawa